Kuitafuta na Kuihudumia Pampu ya Maji Taka Iliyojificha Ndani ya Mashua ya Tanga

Katika mashua nyingi za tanga pampu ya maji taka hufungwa mapema, wakati ganda la chombo bado liko wazi na fundi anaweza kusimama popote apendapo. Baadaye kabati, vitanda, matangi na sitaha hujengwa juu yake, na pampu hubaki nyuma ya kila kitu. Anayekinunua chombo hicho miaka 15 baadaye hujua tu kwamba kuna mkono unaochomekwa ukutani, na kwamba ukipigwa, tangi la choo hupungua. Siku mkono huo unapokosa uzito ndipo hugundua kwamba hajawahi kuiona pampu yenyewe.

Mwongozo huu unahusu zaidi pampu ya mkono yenye kiwambo cha mpira, yaani utando unaonyumbuka kuvuta na kusukuma maji, ile inayomwaga tangi la choo, kwa sababu ndiyo inayofichwa mbali zaidi. Pampu ya umeme yenye visu vya kusaga nitaigusia pale inapotofautiana. Naomba sana kazi hii ifanywe kabla pampu haijafa, tangi likiwa limeoshwa na chombo kimetulia, kwa kuwa pampu iliyokufa huacha tangi limejaa, na hapo kila bolti unayoilegeza ina uzito wa uchafu unaoisukuma kutoka upande wa pili.

Anza na mkono, si spana

Mkono wa pampu ya kiwambo hueleza mengi ukiupiga polepole. Ukienda mwepesi pande zote mbili bila kubeba kitu, ama kiwambo kimepasuka, ama hewa inaingia kwenye kiungo cha upande wa kuvuta, ama vali zimekaa wazi. Ukiwa mzito wakati wa kusukuma, kizuizi kiko mbele: koki ya ubavuni, yaani ile inayofunga tundu la kutolea uchafu chini ya usawa wa maji, imefungwa, au mpira wa kutolea maji umeziba kwa ukoko. Ukiwa mzito wakati wa kuvuta na kisha kurudi wenyewe mara unapouachia, kizuizi kiko upande wa tangi. Na ikiwa unabeba vizuri lakini ukiacha kupiga unasikia maji yakiteremka tena kuelekea tangini, vali za pampu hazifungi sawasawa.

Kuna jaribio moja ambalo halipaswi kurukwa, kwa sababu linaweza kukuokolea kazi yote inayofuata. Tangi la choo lina bomba jembamba la kupumulia linalotokeza ubavuni, na bomba hilo huziba kwa urahisi kwa chumvi, wadudu au uchafu uliopanda chombo kilipolala upande. Likiziba, pampu hulazimika kuvuta bila hewa kuingia mahali pa maji yanayotoka, na mkono huwa mzito kana kwamba pampu ndiyo mbovu. Fungua taratibu kifuniko cha sitahani cha kunyonyea tangi, ukisimama upande upepo unakotoka kwa kuwa ndani kunaweza kuwa na shinikizo, kisha piga mkono tena. Ukilainika papo hapo, pampu ni nzima na kinachohitaji kusafishwa ni bomba la kupumulia.

Kwa pampu ya umeme, dalili ni za sauti. Ikinguruma bila kuzunguka, impela, yaani gurudumu la mpira lenye majani linalosukuma maji, imegandamana na kuta zake, jambo la kawaida baada ya chombo kukaa miezi mingi bila kutumika. Isipotoa sauti yoyote, anza na fyuzi na viungo vya waya, kwa sababu pampu ya namna hii hutumia umeme mwingi, ampea 10 na zaidi kwenye volti 12, na kiungo kimoja chenye kutu ya kijani kinatosha kuinyima nguvu. Usiiendeshe kavu kwa ajili ya kusikiliza. Sekunde moja au mbili zinatosha, kwani impela ya mpira bila maji huungua haraka.

Kuitafuta

Mstari wa maji taka una ncha zinazoonekana, na hizo ndizo za kuanzia: choo chenyewe, kifuniko cha sitahani, na koki ya ubavuni. Chora chombo kwenye karatasi, weka alama kwenye ncha hizo tatu pamoja na tangi, kisha fuata kila mpira kutoka ncha moja hadi unapopotelea. Mahali ambapo mpira unapotea kutoka tangini na mahali ambapo mwingine unapotea kutoka kwenye koki mara nyingi huwa upande huu na upande ule wa kabati moja, na pampu imo katikati.

Kwa pampu ya mkono ipo alama bora zaidi. Tundu la kuchomekea mkono, ambalo huwa ukutani chooni, kando ya kitanda, au sehemu ya usukani chini ya kifuniko kidogo cha plastiki, mara nyingi hufungwa moja kwa moja kwenye mwili wa pampu, hivyo pampu iko nyuma ya bamba hilo, si mita mbili mbali. Pima kutoka kwenye bamba hadi kitu kinachoonekana pande zote mbili za ukuta, kama vile ukingo wa dirisha au bolti ya sitaha, kisha nenda upande wa pili upime vivyo hivyo. Kipimo hiki kitakwambia ni ubao upi wa kufungua, na kitakuepusha kung'oa ubao usiohusika.

Mahali pasipopenya kichwa, tumia kioo kidogo chenye shina, au funga simu kwenye ufito na kurekodi video huku taa yake ikiwaka, ukiipitisha polepole kupita unavyodhani inahitajika. Ukiitazama video hiyo umeketi mezani utaona vitu ambavyo jicho halikuviona ukiwa umelala kwa ubavu ndani ya kabati: kichwa cha bolti, mshale uliochongwa kwenye plastiki, klipu iliyopakwa kutu. Wahenga walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa maji taka ni kweli neno kwa neno. Ikiwa kuna mvujo, utafuata mteremko hadi ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, kwa hiyo mfereji wa kahawia uliokaukia juu ya mataruma, yaani mbavu za chombo, unaweza kufuatwa kinyume, kutoka ngamani kupanda, hadi kwenye kiungo kinachotokwa na jasho.

Usiiamini pampu ya kwanza utakayoiona. Katika chombo changu cha kwanza nilifuata mpira chini ya kitanda cha omo, yaani cha upande wa mbele, nikaipata pampu, nikatumia nusu siku kuifungua katika nafasi isiyotosha mikono miwili, na ilipotoka nikagundua kwamba ilikuwa ya maji ya kuogea. Tangu hapo hupima mpira kwanza. Mpira wa maji taka ya choo kwa kawaida una kipenyo cha ndani cha milimita 38, nao ni mnene, una kuta ngumu na mara nyingi ni mweupe au mweusi. Mpira wa bafu ni mwembamba zaidi. Zaidi ya hapo, mwombe mwenzako apige mkono huku wewe umeshika mwili wa pampu unayoishuku. Pampu halisi utaihisi ikisogea kiganjani.

Maandalizi

Tangi limwagwe kwanza. Njia iliyo salama na halali kila mahali ni kituo cha kunyonyea taka bandarini. Kiambatisho cha Nne cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, kilichoanza kutumika mwaka 2003, huzitaka meli zinazohusika nacho zimwage uchafu usiotibiwa zikiwa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, zikiwa mwendoni kwa kasi isiyopungua noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa. Mashua ndogo hufuata sheria ya nchi ilimo, na nchi nyingi hazivumilii umwagaji karibu na ufuo. Baada ya kumwaga, jaza maji safi, umwage tena, na kurudia mara tatu. Pampu ikiwa haifanyi kazi hata kidogo, maji haya yote yanyonywe kupitia kifuniko cha sitahani.

Hata tangi likiwa tupu, mipira haiwi tupu. Kila mita moja ya mpira wa milimita 38 huhifadhi zaidi kidogo ya lita moja, na mpira unaopanda kutoka kwenye pampu hadi kwenye tao la kuzuia maji ya bahari yasirudi, kisha ukashuka kwenye koki, unaweza kubeba lita tatu au nne ambazo zitakuangukia kifuani ukilegeza klipu ya chini. Ikiwa pampu inafanya kazi, endelea kupiga mpaka isikike hewa tu, kisha uache mstari utulie kwa saa moja.

Funga koki ya ubavuni. Kwa koki ya robo mzunguko, mkono wake ukilala kukata mpira umefunga, na ukilala sambamba na mpira umefungua. Ining'inizie kibandiko kinachosema isiguswe. Kando yake weka kigingi cha mbao laini kinacholingana na tundu, kiwe kimefungwa kwa kamba, kwa sababu koki ambayo haijaguswa kwa miaka inaweza kuvunjikia mkononi, na tundu la milimita 38 chini ya maji huingiza maji kwa kasi ambayo pampu ya ngama haiwezi kushindana nayo kwa muda mrefu. Ikiwa koki haifungi hadi mwisho, acha kazi hapo hapo na usubiri chombo kipandishwe nchi kavu.

Hewa ni jambo ninalolitilia mkazo kuliko uchafu wenyewe. Maji taka yaliyooza hutoa salfidi ya hidrojeni, gesi nzito kuliko hewa inayotuama chini, mahali hasa utakapokuwa umelaza kichwa. Harufu yake ya mayai viza huonya mwanzoni, lakini kiwango kikipanda pua hufa ganzi na onyo hutoweka; kwa hiyo harufu kukatika ghafla isichukuliwe kuwa nafuu. Fungua milango na madirisha yote saa moja kabla, elekeza feni ipulize hewa safi chini, usiwashe moto wala sigara kwa kuwa metani huweza kuwapo, na usifanye kazi peke yako. Vaa glavu ndefu na miwani ya kinga, funika kila jeraha la mkononi, na utandike plastiki na matambara chini ya eneo lote kabla ya kulegeza kitu.

Kuitoa

Piga picha kila upande kabla ya kugusa, hasa mahali ambapo mipira miwili inafanana, na uandike kwa kalamu ya wino mzito "KUTOKA TANGINI" na "KWENDA NJE" juu ya mipira yenyewe. Kisha anza na klipu ya mpira wa kutoka tangini. Ilegeze bila kuitoa, tikisa mpira kidogo, na usubiri. Tone moja moja ni mabaki; mtiririko usiokatika ni ishara kwamba kuna maji yaliyobaki juu, na yafaa yakingwe katika ndoo kabla ya kuendelea. Upande wa kutolea ufanye hivyo hivyo, na ikiwa mtiririko hauishi, koki haijafunga.

Mpira uliozeeka hushika mdomo wa pampu kama uliogandishwa. Usiuvute kwa nguvu, maana midomo ya pampu ni ya plastiki na huvunjika. Mwagia maji ya moto juu ya kiungo, au kizungushie kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto kwa dakika kadhaa, kisha uzungushe mpira kabla ya kuvuta. Ukikataa kabisa na una urefu wa kutosha, uchane kwa kisu kwa urefu wake juu ya mdomo, kwa kina kisichofika plastiki, na utakaporudisha ukate kipande hicho kilichochanwa. Moto wa tochi ya gesi hauna nafasi hapa.

Bolti za kushikilia pampu ndizo zinazochosha zaidi, kwa sababu kichwa kiko upande mmoja wa ukuta na nati upande mwingine, na mikono yako haifiki kote. Mweke mtu upande wa pili, mkubaliane maneno machache, na kila nati itiwe dawa ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi. Ukishatoa bolti, ziba ncha za mipira kwa mifuko iliyokazwa na kamba, kisha toa pampu ikiwa imelala, midomo yake ikitazama juu.

Ndani ya pampu

Ifungulie nje, juu ya beseni. Ukitoa pete inayokaza kiwambo utaona karibu kila siri. Kishike kiwambo dhidi ya mwanga na ukikunje taratibu kwenye mviringo ambapo mpira unakutana na bamba la katikati, kwa maana hapo ndipo hupasukia kwanza: mwanzoni ni mstari mwembamba kama unywele, usioonekana mpira ukiwa umetulia, lakini ukikunjwa hufunguka kama mdomo. Kiwambo chenye mstari huo kitapampu leo na kitakatika wiki ijayo, kwa hiyo hakirudishwi hata kama kimefika mikononi mwako kizima.

Vali hufuata. Ziwe za kipande bapa au za mdomo wa bata, kazi yake ni moja, nayo ni kupitisha maji upande mmoja tu. Mkojo ukikutana na maji ya bahari huacha chokaa, na chokaa hiyo hukaa pembeni mwa vali kama ganda la yai, ikiizuia isifunge hata ikiwa mpira wenyewe ni mzima. Loweka sehemu za plastiki katika siki au maji yenye asidi ya sitriki kwa saa kadhaa, kisha sugua kwa brashi. Usichanganye asidi yoyote na dawa ya klorini, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini yenye sumu, na ndani ya chombo kidogo hakuna pa kuikimbilia. Sehemu zote za mpira ni nafuu kuzibadilisha zote kwa pamoja. Kuacha vali kuukuu karibu na kiwambo kipya ni kujiandalia kazi hii upya mwaka ujao.

Kwa pampu ya umeme, impela ikiwa na jani lililokatika, tafuta kipande chake mpaka ukipate, kwa maana kisipopatikana kitakwenda kuziba mahali pengine. Angalia pia sili ya mhimili: maji taka yakionekana upande wa mota, mota hiyo haina maisha marefu.

Paka viungo vya mpira grisi ya silikoni, kwani grisi ya petroli huvimbisha aina fulani za mpira. Rudisha vali zikielekea zilivyoelekea katika picha, ulinganishe na mshale ulio kwenye mwili wa pampu. Kaza skrubu kwa kupishanisha, moja hapa na nyingine mkabala wake, kidogo kidogo, na usimame mara gasketi inapobanwa sawasawa. Kabla ya kuirudisha mahali pake pa giza, chovya mdomo wa kuvutia kwenye ndoo ya maji safi na uipige. Ikibeba kwa mapigo machache, na maji yakabaki bila kurudi unapoacha, iko tayari.

Kuirudisha, na kufungua njia ya kuifikia

Ukiwa na nafasi wazi mbele yako, kagua mipira kabla ya kuiunganisha. Futa sehemu ya mpira kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, kiache kipoe, kisha ukinuse mbali na chombo; kikinuka choo, harufu imeshapenya ukuta wa mpira na hakuna usafi utakaoiondoa isipokuwa mpira mpya. Kwenye viungo vilivyo chini ya usawa wa maji weka klipu mbili za chuma cha pua pale ambapo mdomo una urefu wa kuzibeba zote, skrubu zake zikitazama pande tofauti. Kagua pia vali ndogo iliyo juu ya tao, kwa sababu ikiziba kwa chumvi maji ya bahari yanaweza kufyonzwa kurudi ndani.

Sasa fikiria ubao uliokuzuia. Mara nyingi tundu la milimita 150 au 200 lenye kifuniko cha kuzungusha, likikatwa mahali panapoelekea bolti na klipu, hugeuza kazi ya siku nzima kuwa ya saa moja, na mimi sifungi tena pampu ya namna hii bila kuliweka. Usikate kamwe kiambaza kikuu, yaani ukuta wa ndani unaobeba nguvu za mlingoti na kamba zake. Kata ubao wa kabati au wa kitanda tu. Toboa kwanza tundu dogo, biti ya drili ikiwa imezungushiwa utepe ili isipite unene wa ubao, upitishe kamera uangalie nyaya na mipira iliyo nyuma, ndipo ukate. Kingo za plaiwudi iliyokatwa zipakwe epoksi, la sivyo unyevu utaziozesha.

Ikiwa hakuna ubao unaofaa kukatwa, hamisha pampu. Pampu ya kiwambo husukuma vizuri kuliko inavyovuta, hivyo ipeleke karibu na tangi na chini kadiri nafasi inavyoruhusu, mradi mkono wake upate nafasi ya kwenda na kurudi bila kugonga kitu.

Jaza tangi maji safi hadi nusu. Funga kibandiko cha karatasi kavu kuzunguka kila kiungo, fungua koki, mwaga kwa mujibu wa sheria ya mahali ulipo, na uangalie karatasi mara baada ya kumaliza, kisha tena kesho yake asubuhi, kwa kuwa mvujo mdogo huhitaji usiku mzima kujionyesha. Karatasi zikibaki kavu, andika tarehe kwenye mwili wa pampu, upande unaotazama kifuniko kipya, na ufunge kando yake mfuko wenye kiwambo kimoja, seti ya vali na klipu mbili.